Karatasi Zilizookotwa Sakafuni

Jumatano, 29 Oktoba 1958

Şekip amefika leo, Siku ya Jamhuri, mimi niko juu ya ngazi nafunga bendera. Hakusalimu. Alisimama chini akakohoa, akatema kwenye shina la waridi langu, ndipo akasema, "Dada, bado unapanda ngazi kama mwizi." Mdogo wangu huyo, ana miaka hamsini na miwili. Amekuja na sanduku moja, chupa mbili za pombe ya raki na pafu moja linalofanya kazi. Madaktari wa Istanbul wamemwambia atafute hewa safi. Maana yake atafute pa kufia, ila wao wana adabu.

Anataka kumaliza kitabu. Mchapishaji anakihitaji kabla ya Februari. Mashairi thelathini na moja, anasema, na baada ya hapo haandiki tena. Nikamwambia nchi itapumua. Akacheka mpaka akatema tena.

Kwa atakayeliokota daftari hili siku moja, huyu ndiye Şekip aliyeua vina na mizani. Kabla yake mashairi yetu yalijaa waridi na ndege. Yeye akaleta maumivu ya jino, tiketi ya kivuko na ugomvi wa wafua nguo, akaandika kama watu wanavyosema, bila kina hata kimoja. Wazee wakamtukana magazetini, vijana wakamwiga. Mimi sikumtukana wala sikumwiga. Sikumsamehe tu, na sababu iko katika shairi lake la mistari mitatu ambalo sitaki kuliandika humu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Makohozi katika kisahani cha kahawa. Kisahani cha mama.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeona anavyoandika, na afadhali nisingeona. Anakaa kitandani amejifunika koti, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mkate. Akimaliza ukurasa hauweki mezani. Anauachia tu, unaanguka sakafuni kwenye majivu ya sigara, unalala hapo mpaka asubuhi. Asubuhi anatazama chini. Unaompendeza anauokota na kuutia kwenye jalada, usiompendeza anaupiga teke. "Shairi lisiloweza kulala sakafuni usiku mmoja halina afya," ananiambia. Eti afya.

Lakini kilichonitia kichefuchefu hasa ni herufi. Bwana huyu wa mambo mapya anaandika kwa herufi za zamani, zile za Kiarabu, kutoka kulia. Miaka thelathini kamili imepita tangu zifutwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilisimama mbele ya ubao katika ghala la zeituni nikawafundisha herufi mpya za Kilatini wazee wenye ndevu, na siku ile niliapa sitasoma wala kuandika tena hata herufi moja ya zamani. Sijavunja kiapo. Barua za marehemu baba nimezifungia kabatini sijazigusa.

"Nchi nzima inakuita mvunja mila," nikamwambia, "kumbe unaandika kama imamu."

"Mpya nazijua, dada. Ila mkono wangu haufikiri nazo. Zinataka mtu akae wima."

"Basi kaa wima."

"Ninakilie wewe. Mwandiko wako mzuri, na hapa hakuna mwingine anayezijua zote mbili."

"Katafute imamu mwenzako."

Nilifunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumeanza kuchuma zeituni. Miti imebeba mwaka huu. Döndü amekuja na wanawake kumi na wawili, turubai na fimbo ndefu za kupigia matawi. Ndiye msimamizi wangu tangu enzi za mama. Hajui kusoma, lakini akitazama wingu anakutajia saa litakapomwagika. Kila alfajiri kabla ya kazi huingia ndani kuniwashia jiko na kufagia.

Leo nimemkuta chumbani kwa Şekip, mwenyewe yuko msalani anakohoa. Döndü alikuwa amepiga magoti anaokota karatasi moja moja. Kila moja anaibusu, anaigusisha kwenye paji la uso, mara tatu.

"Unafanya nini wewe?"

"Mwalimu, maneno ya Mungu haya! Yako chini kwenye majivu! Ukiyakanyaga si utapofuka?"

"Si maneno ya Mungu. Ni ya Şekip."

"Herufi ni za Msahafu," akasema, na akanitazama kwa huruma, kana kwamba nisiyejua kusoma ni mimi.

Miaka ishirini na minane nimekifundisha kijiji hiki, na haya ndiyo mavuno yangu. Nikamwambia aziweke mahali pake, nikatoka. Sikutaka kumwona anabusu tena.

Jumatano, 12 Novemba

Kahawa hakuna mjini kote. Tunakunywa ya dengu za kukaanga. Inanuka soksi.

Jumamosi, 15 Novemba

Magunia arobaini. Şekip ananiambia karatasi zake zinapungua usiku. Nikamwambia ni raki. "Labda zinajihukumu zenyewe," akasema, akaonekana kufurahi. Mtu anakaribia kaburi na bado anajipendeza kwa maneno yake. Ananichosha.

Jumatano, 19 Novemba

Ameshuka kwenye basi la Edremit kijana mwenye viatu vya rangi mbili na mafuta ya nywele ambayo ningeweza kukaangia biringani. Bwana Haldun, mhariri wa jarida kule Istanbul. Ndiye atakayekichapa kitabu. Alimbusu Şekip mkono, akamwita mwalimu wa kizazi chetu, akamwita dira, akamwita mapinduzi. Şekip alifumba macho kama paka anayekunwa. Nilitamani kumwagia mtu supu, sikujua nianze na yupi.

Kisha akaomba kuona kazi. Şekip akampa jalada. Haldun alizaliwa herufi za zamani zimeshafutwa. Akaushika ukurasa juu chini, akautazama kwa muda, akatikisa kichwa na kusema, "Ajabu!"

"Utasomwa na nani huu?" nikamwuliza.

"Mwalimu wetu atanisomea, mama, nami nitaandika."

Şekip alijaribu. Alifika mstari wa pili pumzi ikamwishia, akakohoa mpaka midomo ikawa ya buluu. Haldun alisogeza kiti nyuma asirukiwe kwenye viatu. Ikabidi wakubaliane kwamba mtu atafutwe wa kunakili. Wote wawili hawakunitazama, kwa namna ambayo nilijua wananitazama.

Ubaya ulikuja mezani. Döndü alikuwa anagawa supu. Haldun, kwa kunifurahisha, akasimama kijiko mkononi akalighani lile shairi la mistari mitatu. Basi, maadamu limeshatamkwa nyumbani kwangu, na niliandike:

*Mama alikufa Jumanne.*
*Jumatano dada akasema tuchume, mvua inakuja.*
*Mafuta ya mwaka ule yalikuwa mazuri sana.*

"Ukatili ulioje!" akasema Haldun. "Dada yule ni tabaka zima la watu! Alikuwepo kweli, mwalimu wangu, au ulimbuni?"

Şekip alikuwa anatazama sahani yake. Döndü alisimama na upawa hewani.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ongeza chumvi kama haijakolea."

Miaka ishirini na miwili. Wingu lilikuwa jeusi kutoka visiwani mpaka mlimani, na zeituni za mwaka mzima zilikuwa bado mitini. Tulimzika mama adhuhuri, saa nane tulikuwa tumeshika fimbo. Ndiyo, nilisema tuchume. Şekip naye alichuma, lakini hakuna anayeghani habari zake. Watoto wangu wa darasani walilisoma lile shairi gazetini kisha wakanitazama mikono. Nimeishi na macho hayo, na aliyeniletea anakula supu yangu.

Jumatano, 26 Novemba

Upepo wa kusini, ule unaoumiza kichwa. Hatukuchuma. Yaşar, mjukuu wa Döndü wa miezi minane, ana homa. Nilikwenda na aspirini na kipimajoto. Tayari walikuwa wamempaka majivu kwenye nyayo, na shingoni wamemtundikia hirizi mbili tatu zilizokunjwa pembe tatu. Nilisema niliyosema. Mama yake aliipokea aspirini kwa adabu akaiweka juu ya kabati.

Jumanne, 2 Desemba

Şekip hainuki tena kitandani. Beseni liko karibu na kichwa chake, mimi ndiye ninayelimwaga. Damu sasa. Harufu imeingia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye nywele zangu.

Leo kaniita. Ameshika karatasi moja, mwandiko unatetemeka. "La thelathini na moja," akasema. "Mengine waachie panya. Hili moja tu ninakilie, dada. Ni fupi."

"Nani yumo?"

"Wewe."

"Basi ndiyo sinakili kabisa! Ulishanitia katika moja nikatemewa mate na nchi nzima. Unataka na hili nilikupambie kwa mwandiko wangu?"

"Lisome kwanza."

"Sizisomi herufi hizo. Unajua."

"Najua," akasema. Akaifinyanga ile karatasi akaiachia. Ilidunda ikaangukia kwenye ndara yangu, ndara yenye tope la shambani, nami nikaisukuma kwa mguu mpaka chini ya kitanda. Nilikwenda kumwaga beseni.

Alhamisi, 4 Desemba

Magunia mia moja na kumi. Yaşar amepona. Döndü ananiambia ni ile hirizi mpya. Aspirini bado iko juu ya kabati, nimeiona.

Jumanne, 9 Desemba

Amekufa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemshikia beseni, uso nimeugeuza pembeni kwa kinyaa. Nilipourudisha alikuwa ameshakwenda. Hicho ndicho alichokiona mwisho, sikio langu.

Jumatano, 10 Desemba

Tumemzika adhuhuri, miguuni pa kaburi la mama. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye majira ya joto tu alimwita kafiri mbele ya watu, amehutubia. "Mwana wetu! Nyota yetu!" Alilia kweli, machozi yenye maji. Imamu aliuliza kama inavyoulizwa, mlimjuaje marehemu, na midomo ileile iliyomchana miaka yote ikajibu, tulimjua kuwa mwema. Niliwatazama mmoja mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nilijibu.

Tuliporudi wanawake walikuwa langoni na fimbo zao. Wingu lilikuwa jeusi kutoka visiwani mpaka mlimani. Nusu ya zeituni ziko juu. Döndü alikuja karibu.

"Mwalimu, wingu lile ni la mvua ya siku nne. Likianza hatupati kitu."

"Naliona."

"Zitaanguka zote."

Wote walikuwa wananitazama mikono. Nilijua wanachongojea, na baadhi yao walikuwepo mwaka ule na fimbo hizihizi.

"Hakuna kuchuma," nikasema. "Nendeni nyumbani."

"Mwalimu, zitaoza chini."

"Zioze."

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua. Kwenye matanga leo wameingia Haldun na mpiga picha. Halua bado ya moto, yeye anauliza liko wapi jalada. Akahesabu, kuhesabu anajua: kurasa ishirini na mbili. "Aliniandikia thelathini na moja, mama. Tisa ziko wapi?" Nikamwambia zilijihukumu zenyewe. Aliandika hilo kwenye kijitabu chake. Kisha akanitaka nikae kwenye kiti kitupu cha Şekip, nishike kalamu, nitazame dirishani. Nikamwambia aniondokee kabla sijamtazama yeye.

Jumapili, 14 Desemba

Bado mvua. Kutoka dirishani turubai zote ni nyeusi kwa zeituni zilizoanguka.

Jumanne, 16 Desemba

Imekatika. Nimeingia chumba chake kusafisha, dirisha wazi. Nilivuta kitanda kutafuta ile karatasi niliyoisukuma. Haipo. Kuna vumbi, kizibo cha raki, basi.

Nikamwita Döndü. Hakuniangalia. Akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye ufa wa ukuta ambamo mama alikuwa akichomeka makombo ya mkate yaliyookotwa chini. Ufa ulikuwa mtupu.

"Niliziweka mahali pake, Mwalimu, kama ulivyosema."

"Mahali pake ni mezani!"

"Za Mungu mahali pake ni ukutani. Kisha wenzangu wakaona. Huyu ana mgonjwa, yule ana mbuzi hazai. Wakaniomba. Ningewanyimaje dua?"

Nilicheka. Miezi miwili sijacheka, nikacheka nimeegemea jiko mpaka Döndü akaogopa. Şekip, kafiri wa kijiji, anavaliwa shingoni! Halafu kicheko kiliniishia, maana nilielewa nani sasa atazisoma.

Alhamisi, 18 Desemba

Siku mbili mlango kwa mlango, mimi na Döndü, mkasi mkononi. Nawaahidi kwamba nikishanakili nazirudisha. Wanabusu kila moja kabla ya kunipa. Zimekunjwa pembe tatu, zimetiwa katika kitambaa cha nta, zimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kiapo cha miaka thelathini nimekivunjia katika zizi la mbuzi. Macho hayakusahau hata nukta. Shingoni mwa mbuzi palikuwa na shairi la meno ya bandia ya karani wa forodha. Kwenye mzeituni mkongwe kabisa, kikao cha wanawake wanaonyoana miguu. Chini ya mto wa bi harusi anayetafuta mtoto, kunguni wa hoteli moja ya Galata. Binti anasema mwezi huu amekosa siku zake.

Ni mazuri. Nimeyasoma nimesimama kwenye tope na yananichukiza, kwa kuwa ni mazuri. Sikujua. Mdogo wangu alikuwa ananiuliza, na mimi namwambia katafute imamu.

Nimepata saba. La nane amekwenda nalo jeshini Kars, mpakani, mtoto wa mwenye kinu, limeshonwa ndani ya fulana yake. Halirudi hilo.

Jumamosi, 20 Desemba

La tisa liko kwa Yaşar. Mama yake alimkumbatia akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Si hili, Mwalimu. Jingine chukua, nipige ukitaka. Hili ndilo lililomponya."

Nilikuwa na maneno tayari, ya aspirini, ya sayansi, ya Jamhuri. Mtoto alikuwa anaitafuna ile hirizi, mate yamejaa kidevuni. Nikaketi sakafuni.

"Mshike mwenyewe," nikamwambia. "Nitaifungua ikiwa shingoni mwake. Haitatoka kwake."

Nikakata uzi. Karatasi ilikuwa na mikunjo ile ya kufinyangwa, na pembeni doa la tope, nusu ya soli ya ndara yangu. Nikasoma huku mtoto ananivuta nywele:

*Nilisahau jambo katika lile la kwanza.*
*Dada alichuma amevaa aproni ya mama.*
*Mwaka mzima alikula mkate mkavu,*
*mafuta yale hakuyaonja.*
*Nilikuwa namwona. Sikuandika,*
*kwa kuwa lingeharibu shairi.*

Hakuna mtu niliyemwambia habari za mafuta yale. Nilikuwa nikisema tumbo haliyapendi. Alikuwa anajua, mjinga yule, ameketi upande wa pili wa meza anajua, na akachagua shairi. Ningempiga kofi. Na wiki mbili zilizopita alinyoosha mkono nami nikausukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Mwalimu unalia," akasema Döndü. "Ni dua gani hiyo?"

"Ni habari za zeituni."

"Mradi ni nzuri."

Nikaomba sindano. Nikaikunja pembe tatu, nikaishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Mimi, Behice, mwalimu wa Jamhuri, nimeshona hirizi. Mshono wangu ni bora kuliko wao.

Ijumaa, 2 Januari 1959

Nimemaliza kunakili. Haldun aliandika anataka na karatasi zenyewe, kwa ajili ya makumbusho. Nimemjibu kwamba nyingine zimevaliwa. Nimempelekea thelathini, na nimemweleza kwamba moja linalinda mpaka. La mwisho nimelitia. Ubaya wangu nchi inaujua miaka ishirini na miwili, na hili walijue.

Jumatano, 7 Januari

Mafuta yamerudi kutoka kinuni, mapipa machache. Zeituni ziliokotwa kwenye tope, nyingi zimeoza. Mwenye kinu ameninong'oneza niwauzie watu wa sabuni. Döndü alichovya kidole, akakunja uso, akafuta kidole kwenye suruali yake pana.

Nimekaa peke yangu mezani na mkate, nauchovya katika mafuta yale. Yana uchachu, yananuka uvundo wa majani, yanakwaruza koo mpaka machozi yanatoka. Mafuta ya mwaka huu ni mabaya sana.

Nimekula vipande vitatu.